Safari ya Kerala: maswali tunayoulizwa kuhusu mafunzo ya ukandaji na mitishamba ya wanawake

Tangu tutangaze pale Kitangiri, Mwanza, kwamba tunapeleka tena wanawake India kujifunza kukanda na mitishamba, simu haipumziki. Wapo wanaopiga wakiwa ndani ya daladala, wapo wanaopiga usiku wa manane, na mmoja alinikamata soko la Mwaloni nikiwa nimeinama nachagua dagaa. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja. Mimi ni nesi mkunga mstaafu. Nilikaa wodi ya wazazi mpaka mgongo ukanikatalia. Kwa hiyo kuna mahali mtanisikia nikisema kinesi zaidi kuliko kimitishamba. Mnivumilie.

Hasa mnakwenda kufundishwa nini?

Mambo mawili. La kwanza ni kumkanda mwanamke: mgongo, kiuno, nyonga, tumbo na miguu, hasa baada ya kujifungua na nyakati za hedhi. La pili ni mimea inayotumika kwa mwanamke: kuitambua, kuikausha, kuichemsha, kuipika ndani ya mafuta, na kujua ipi haimfai nani.

Ni wiki tatu, kando ya ziwa Vembanad katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Tunakwenda wanawake wanane kila msafara, hatuzidi. Kukanda hakufundishwi kwa ubao. Mwalimu anaweka kiganja chake juu ya kiganja chako, anabonyeza, nawe unaujua uzito unaotakiwa. Wanafunzi wakiwa ishirini, kumi na wawili watarudi na picha za simu tu.

Kwani bibi zetu hawakukanda? Kwa nini tupande ndege?

Walikanda, tena vizuri. Swali hili huulizwa na akina mama wa rika langu, na wana haki ya kuuliza.

Mzazi wa kwetu anakaa ndani arobaini, anakandwa, anafungwa tumbo kwa kanga, anapewa uji wa pilipili manga. Mara ya kwanza nilipofika Kerala nilionyeshwa mzazi wa kule: amepakwa mafuta mwili mzima, ameogeshwa maji yaliyochemshwa na majani, amefungwa tumbo kwa kitambaa kirefu cha pamba, amepewa kijiko cha dawa nzito kama asali iliyopikwa na viungo. Nilicheka peke yangu. Utaratibu huo wanauita prasava raksha, yaani kumlinda aliyejifungua, na mkunga wao wa jadi wanamwita vayattatti. Vitabu vya kale vya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, vinamhesabia mzazi mwezi mmoja na nusu. Sisi arobaini, wao arobaini na tano. Hatukupishana sana.

Tofauti yetu na wao ni kwamba wao waliandika. Mafuta ya kumkandia mzazi yana jina, dhanwantharam, na yana orodha ya vilivyomo: mafuta ya ufuta, maziwa, mizizi ya mmea wa jamii ya Sida wanaouita kurunthotti, na vingine vingi, kila kimoja na kipimo chake. Pale Kottakkal, huko huko Kerala, kuna nyumba ya tiba iliyoanzishwa 1902 ambayo mpaka leo inatengeneza dawa na kutibu watu. Daktari wa Ayurveda anasoma miaka mitano na nusu. Tangu 2014 serikali yao ina wizara nzima ya tiba za jadi.

Bibi yangu mzaa mama, wa Ukerewe, alikuwa anashika tumbo la mjamzito na kukuambia mtoto amelalaje. Sikumwuliza alijuaje. Nilikuwa msichana wa shule ya uuguzi, nimevaa kofia nyeupe, najiona najua. Alipofariki, alifariki na vyote. Ndiyo maana siku ya kwanza kila mwanafunzi wetu anapewa daftari gumu, na nusu ya mwisho ya daftari hilo inaachwa tupu kwa ajili ya yale atakayoyauliza kwa bibi yake mwenyewe akirudi.

Nani anafaa kwenda?

Mwanamke aliyetimiza miaka ishirini na moja, mwenye mikono mizima na subira. Tumepeleka wauguzi, wakunga wa jadi kutoka Magu na Sengerema, wasusi, na mama mmoja muuza samaki ambaye hadi leo sijaona kiganja kinachomzidi.

Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nitaelewa?

Utaelewa. Walimu wenyewe nyumbani wanasema Kimalayalam, na Kiingereza chao kina mwendo wake, hivyo hata aliyesoma sana huanza kwa kukodoa macho. Mimi natafsiri kwa Kiswahili, na kwa wale wa Kisukuma tu, tuna dada anayewarudia. Majina ya mimea tunayaandika kwa lugha tatu. Jina la Kilatini tunalishika kwa lazima, kwa sababu ndilo pekee lisilodanganya. Mtaona chini jinsi jina la kienyeji linavyoweza kukuponza.

Mume wangu anauliza kama hii ni ile “masaji” ya hotelini.

Mwambie hapana, na mwambie anipigie. Simlaumu. Neno masaji limechafuliwa, na wako watu wanaowachukua mabinti wa mikoa ya huku kwa ahadi ya kazi ya masaji nje ya nchi kisha wanawanyang'anya pasi. Huo ni usafirishaji haramu wa binadamu na tuna sheria yake tangu 2008.

Kwetu pasi yako inakaa kwako, siyo kwangu wala kwa mwenyeji. Tiketi ni ya kwenda na kurudi, na nakala unaiacha kwa familia. Hakuna ajira kule, hakuna mshahara, hakuna mteja wa kiume. Tunakandana wenyewe kwa wenyewe, na wiki ya tatu wanaletwa akina mama wa kijijini waliokubali kwa hiari yao. Mtu yeyote akikuambia unasafiri na kikundi chetu na akataka kukuwekea pasi, huyo siye sisi.

Siku inakwendaje?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mnaamka, kunyoosha viungo, chai ya tangawizi. Asubuhi ni kukanda hadi saa sita. Mchana joto ni kali kuliko la Mwanza, na unyevu wake unakufanya uone kama umevaa shuka lililoloa, basi tunalala. Jioni ni mimea: bustanini, jikoni, kwenye masufuria. Mafuta yanapikwa kwa moto mdogo siku nzima, wakati mwingine zaidi, na mwalimu anajua yameiva kwa kuyasikiliza. Anadondosha tone kwenye moto. Likipasukapasuka kwa kelele, bado kuna maji. Likiwaka kimya, yameiva.

Jumapili ni mapumziko.

Mtafundisha mimea gani? Ipo huku au ni ya India tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Mingi ipo kwako.

Mwarobaini uliopo uani asili yake ni upande wa Asia. Mlonge vilevile: Kimalayalam ni muringa, na wanaupika kama mboga karibu kila siku. Mnyonyo, au mbarika kama mnavyouita wengine, ulisafiri kinyume: asili yake ni upande wetu wa Afrika, na leo mafuta yake ni nguzo ya tiba za India. Uwatu, manjano, tangawizi, mdalasini na bizari utavipata soko kuu kwa bei ya kawaida. Mafuta ya ufuta ndiyo mama wa mafuta yote ya Ayurveda. Kwa Kisanskriti ufuta ni tila, na neno lao la mafuta, taila, limetoka humo humo.

Basi kazi kubwa ni kujifunza nani asiguse nini. Mlonge majani yake ni chakula, ila mizizi na magome mjamzito asiyasogelee. Shubiri mjamzito asinywe. Mwarobaini vilevile. Uwatu unasaidia wengine kutoa maziwa, lakini unashusha sukari, hivyo mama anayetumia dawa za kisukari aambiwe na daktari wake kwanza. Mnyonyo mafuta yake yaliyokamuliwa ni sawa kwa kupaka, ila mbegu yenyewe ni sumu, hata chache zinaweza kuua mtoto. Nimeona watu wanaziacha zimetapakaa kwenye kibaraza.

Sasa ile hadithi ya jina. Kule wana mti uitwao ashoka, kwa Kilatini Saraca asoca. Magome yake yanatumika kwa mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi. Sisi huku tuna mti mrefu mwembamba, majani yameinama, unapandwa kwenye maofisi na makanisa, tunauita mwashoki. Siyo huo. Huu wetu ni Polyalthia longifolia, mti mwingine kabisa. Hata India kwenyewe magome ya mwashoki huuzwa yakidaiwa ni ya ashoka, kwa kuwa ashoka wa kweli sasa ni adimu porini. Mwanafunzi mmoja alirudi, kabla hajafungua hata begi, mama mkwe wake akawa amekwishamkwangulia gome la mwashoki wa parokiani, sufuria iko jikoni. Alimwaga. Kulikuwa na maneno kidogo nyumbani.

Nina chango miaka mingi. Nikikandwa nitapona?

Naomba hapa msome polepole.

“Chango” ni jina moja tulilolibandika juu ya magonjwa mengi. Mama anayesema ana chango anaweza kuwa na maumivu ya kawaida ya hedhi, na hapo kukanda kiuno kwa mafuta ya moto kiasi na kupumzika kunaleta nafuu ya kweli. Lakini anaweza pia kuwa na uvimbe kwenye kizazi, maambukizi ya nyonga, mimba iliyotunga nje ya kizazi, saratani ya shingo ya kizazi, au kichocho.

Kichocho tunakisahau wakati tumekaa juu yake. Huku ufukweni, ziwani tunakofua na kuoga, kinachotawala ni kichocho cha matumbo. Kikikaa muda mrefu kinavimbisha ini na bandama. Bandama iliyovimba ukiibonyeza kwa nguvu inaweza kupasuka, na mtu akafa kwa kuvuja damu ndani. Kwa hiyo kanuni yetu, ambayo walimu wa Kerala hawakuwa nayo na sisi tumewaongezea: mtu wa kanda ya ziwa hakandwi chini ya mbavu za kushoto kabla hajachunguzwa. Kule ndani zaidi, kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi, kuna kichocho cha mkojo. Hicho mayai yake hufika hadi kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Mwanamke anapata maumivu wakati wa tendo, anatokwa na uchafu au damu, anaonekana kama ana ugonjwa wa zinaa, ndoa inatikisika, anatibiwa hiki na kile bila nafuu. Dawa ya kichocho ni praziquantel, inapatikana. Kiganja changu hakiui mnyoo.

Hivyo kila mwanafunzi anatoka na orodha ya maswali kumi na moja ya kumwuliza mteja kabla hajamgusa. Siku ya mwisho kuona hedhi? Damu katikati ya mwezi au baada ya tendo? Homa? Umekoma hedhi kisha damu ikarudi? Una kitanzi? Umepima shingo ya kizazi lini? Kipimo kile cha siki kinafanyika hospitali na vituo vingi vya afya, ni dakika chache. Jibu moja likienda vibaya, hukandi. Unaandika karatasi ya kumwelekeza hospitali ya Sekou Toure, Bugando au kituo kilicho karibu naye, na ikibidi unamsindikiza. Wanafunzi wengine wanalalamika kwamba nawafukuzia wateja. Sawa tu.

Je, mjamzito na aliyejifungua wanakandwa?

Mjamzito: mgongo, mabega na miguu kwa wepesi, akiwa amelala ubavu. Tumbo halikandwi. Na kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya hatufundishi, kwa kuwa hilo hufanywa hospitalini penye chumba cha upasuaji karibu.

Aliyejifungua kwa njia ya kawaida, akiwa hana homa wala damu nyingi, anaweza kuanza kukandwa mgongo na viungo mapema, kwa upole. Aliyefanyiwa upasuaji tumbo lake ni la daktari mpaka kidonda kipone ndani na nje. Tunamkanda mabega na miguu tu. Hata miguu uiangalie kwanza. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, una joto na unauma, usiuguse, maana huenda kuna damu iliyoganda na ukiisukuma inaweza kwenda kwenye mapafu. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Na maji ya moto. Jamani, maji ya moto! Wodini nilipokea wazazi waliobabuka mapaja kwa sababu mama au shangazi alisema maji yakipoa damu chafu haitoki. Kerala nao wanaogesha kwa maji ya majani, ila yameachwa yakapoa hadi kiwiko chako kinayavumilia. Kizazi kinajirudisha chenyewe, na mtoto kunyonya ndiko kunakokisaidia zaidi.

Mtatufundisha dawa ya kuongeza uchungu?

Hapana. Wala usiniulize faragha. Mitishamba ya kuongeza uchungu inakifanya kizazi kikaze bila kipimo, na kizazi kinaweza kupasuka mama akiwa bado njiani. Nimesimama kwenye chumba hicho. Sitaki kusema zaidi.

Na ile ya kusafisha kizazi? Ya kubana?

Kizazi hakina taka inayosubiri kusafishwa. Shabu, majani, mvuke na vitunguu saumu vinavyowekwa ukeni vinaunguza na kukausha ngozi laini ya ndani na kufungulia njia maambukizi, pamoja na virusi vya UKIMWI. Najua vinauzwa sana. Sisi hatuviuzi, na mwanafunzi wetu akivitangaza kwa kutumia picha za safari tunamtoa kwenye kundi.

Chakula kikoje?

Hapa ndipo wanapolia. Kituo tunachokaa hawapiki nyama wala samaki: ni wali, dengu, mboga, nazi, ndizi, maziwa ya mgando. Siku ya tano mwanamke wa Mwanza anaanza kuota sato wa kukaanga.

Ila Jumapili unaweza kwenda mjini, na Kerala wanakula samaki kama sisi. Wana mmoja wa ziwani aitwaye karimeen, anafungwa kwenye jani la mgomba na viungo. Ni ndugu wa sato, wa familia moja kabisa ya samaki. Na kuna muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki, chakula cha watu wa kawaida, wanauita kappa. Mwenzetu wa Sengerema alipowekewa sahani ile alinyamaza, akala, akaagiza nyingine. Ugali haupo. Unga hauruhusiwi begini, msinijaribu tena.

Mimi nimeokoka. Kuna ibada za miungu?

Asubuhi wenyeji wanawasha taa ya mafuta ya shaba na kusoma maneno ya kumsalimu Dhanwantari, anayehesabiwa mwenye tiba. Huko ni kwao. Hulazimiki kusimama nao. Wengi wetu tunasubiri barazani. Kerala ina Wakristo na Waislamu wengi, wa tangu zamani sana, kwa hiyo kanisa na msikiti havikosi karibu. Tulikuwa na Bi. Hajati na mama mchungaji chumba kimoja, wakagombana kuhusu feni tu.

Pasi, viza, chanjo na ndege?

Pasi iwe na uhai wa angalau miezi sita. Viza inaombwa kwa mtandao, sisi tunakaa na wewe kuijaza kwa barua ya mwaliko ya kituo. Sababu ya safari andika ile ile iliyo kwenye barua. Usijiandikie utalii kwa kuwa jirani alifanya hivyo. Chanjo ya homa ya manjano kila mmoja awe nayo. Cheti chake huanza kuhesabiwa siku kumi baada ya sindano, na siku hizi ni cha maisha, kwa hiyo usikitupe.

Kutoka Mwanza unaruka hadi Dar. Anayebana matumizi anapanda basi la alfajiri Nyegezi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR hadi Dar. Kutoka hapo tunapitia nchi za Ghuba au Mumbai, kisha Kochi. Tunasafiri Januari kwa sababu mvua kubwa za Kerala huingia mwanzoni mwa Juni. Wenyeji wanasema msimu wa mvua, ule mwezi wao wa Karkidakam, ndio bora kwa kujitibu, na huenda ni kweli, lakini kuanika mizizi kwenye mvua ile ni adhabu.

Gharama inalipwaje?

Nauli ya ndege ndiyo inayokula zaidi, na inapanda na kushuka, kwa hiyo kiasi kamili tunakitoa kwenye kikao baada ya kupata bei ya wiki hiyo. Unaweza kulipa kidogo kidogo miezi kumi. Wengi wanatumia kikoba.

Pesa inaingia akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini watatu. Haiingii kwenye namba ya simu ya mtu, hata iwe yangu. Nina sababu. Kabla ya safari yangu ya kwanza nilimwamini wakala mmoja, kijana mtanashati mwenye ofisi na kapeti. Nilimtumia malipo ya awali kwa simu, mara mbili. Nilipokwenda wiki iliyofuata kapeti lilikuwa bado lipo. Yeye hayupo.

Naweza kwenda na mtoto mchanga? Na nikiwa mjamzito?

Mtoto anayenyonya, hapana kwa sasa. Mjamzito, subiri msafara unaofuata. Aliye kwenye siku zake anahudhuria kama kawaida, ila siku hizo tumbo lake halitumiki kwa mazoezi.

Nikirudi na cheti nitaitwa daktari?

Hutaitwa. Cheti kinasema umehudhuria wiki tatu. Aliyesoma miaka mitano na nusu asikusikie ukijiita daktari, na mimi nisikusikie.

Kufanya kazi hapa kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake. Unasajiliwa wewe, unasajiliwa mahali pako pa kazi, na dawa nayo ina usajili wake. Anza kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako. Kabla ya hapo kanda ndugu na majirani, lakini usitundike bango.

Naruhusiwa kurudi na dawa?

Chupa ya mafuta iliyofungwa kiwandani, yenye lebo, kwa matumizi yako, sawa. Mbegu, mizizi mibichi na miche, hapana: inaleta wadudu na magonjwa ya mimea, na forodhani watakuchukulia. Vidonge na unga wa kunywa nakataza mwenyewe. Baadhi ya dawa za jadi za India hutengenezwa makusudi na madini kama zebaki na risasi, na wako watu waliodhurika kwa risasi. Kwa mjamzito ni hatari maradufu. Chukua ujuzi wa kupika mafuta, ufuta utaununua hapa.

Siwezi kusafiri mwaka huu. Nimekosa yote?

Waliorudi wanafundisha wenzao Jumamosi mbili za kila mwezi, mchana, nyumba ya pili kutoka ufukweni, ukifika Kitangiri uliza kwa nesi mstaafu. Hakuna ada, kuna mchango wa chai. Njoo na kanga mbili, taulo, na mafuta ya ufuta nusu chupa. Kama una bibi aliyekuwa akikanda na bado anaweza kutembea, mlete. Yeye anakaa kwenye kiti, sisi mkekani. Kucha ziwe fupi. Ukija nazo ndefu tunakukatia mlangoni, wembe mpya ninao.